Dampo lililofungwa Kisumu: je, visima vinne vya kupima gesi na maji ya ardhini vinatosha?

MazingiraKSM aliandika:

Hamjambo wadau. Kuna dampo la zamani pembezoni mwa Kisumu, ekari 6 hivi, lilifungwa na kufunikwa kwa udongo. Taka zina kina cha mita 4 hadi 7. Nje ya taka ni udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, mita 2 au 3, kisha unakuta fonolaiti (mwamba mgumu wa volkeno) yenye nyufa. Visima vya majirani huonyesha maji kwenye mita 6 kiangazi kikiwa kikali, na mita 2 mvua ya Aprili na Mei ikishakolea. Upande wa chini, kwa urefu wa mita 120, kuna ploti za nyumba za kupanga. Nyumba ya karibu zaidi iko mita 25 kutoka kwenye ukingo wa taka, na kila ploti ina choo cha shimo.

Mkandarasi ameleta makadirio ya visima vinne, kimoja kila kona, mita 30 kila kimoja, bomba la PVC la milimita 50 lenye mianya kuanzia juu hadi chini. Anasema kila kisima kitapima gesi na maji kwa pamoja, hivyo tutaokoa pesa. Naomba maoni yenu. Vinne vinatosha? Tupime nini, mara ngapi, na kwa utaratibu gani?

---

Chimba_Polepole alijibu:

Usitie sahihi makadirio hayo. Bomba la mita 30 lenye mianya juu hadi chini ni mfereji. Maji machafu ya taka yaliyokuwa yamezuiwa na udongo mweusi yatateremka moja kwa moja hadi kwenye nyufa za chini, na utakuwa umelipa pesa za umma ili kuchafua maji ambayo bado yalikuwa safi. Tena, sampuli utakayotoa itakuwa mchanganyiko wa maji ya tabaka zote, kwa hiyo uchafu wa juu utazimuliwa na maji ya chini na majibu ya maabara yatakupa moyo bure.

Tenganisha kazi mbili. Visima vya maji viwe vyake, vya gesi viwe vyake.

Kwa maji, kiwango cha chini kabisa ni kisima 1 upande maji yanakotoka na 2 upande yanakoelekea. Kwenye mwamba wenye nyufa ningeweka 4 upande wa chini, maana ufa mmoja unaweza kubeba uchafu wote ukapita katikati ya visima viwili usijue. Lakini kabla ya kusema "juu" na "chini" hakikisha unajua maji yanakwenda wapi. Watu wa Kisumu hudhani kila maji yanaelekea ziwani. Machimbo ya mawe, kisima cha jirani chenye pampu, hata bomba la maji linalovuja hugeuza mkondo.

Njia ni pembetatu. Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, mpima ardhi akupe urefu wa mdomo wa kila bomba kutoka alama moja, kwa usahihi wa milimita 5. Toa kina cha maji kwenye urefu huo. Tuseme kiwango cha maji A ni mita 1,138.60, B ni 1,138.10 na C ni 1,137.75. Kati ya A na C kuna tofauti ya 0.85, kutoka A kushuka hadi kiwango cha B ni 0.50. Kama A hadi C ni mita 170, basi kiwango cha B kiko mita 100 kutoka A kwenye mstari huo. Unganisha nukta hiyo na B: huo ndio mstari wa usawa wa maji. Maji yanaukata mstari huo kwa pembe mraba kuelekea C. Rudia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kwa sababu mkondo unaweza kuhama. Kwenye mwamba wa nyufa chukulia jibu hilo kama mwelekeo wa jumla tu. Maji hufuata ufa, hayafuati rula.

Ujenzi wenyewe: tundu la milimita 150, bomba la milimita 50 la kufunga kwa nyuzi. Usikubali gundi ya PVC, vimumunyisho vyake vitaonekana kwenye vipimo vya kemikali za kikaboni na utamlaumu mwenye dampo. Mianya ya milimita 0.5 hadi 1, kutoka mita 3 hadi 8 kwa hali uliyoeleza. Kokoto ndogo za milimita 2 hadi 4, zilizooshwa, zisizo na chokaa, zipande nusu mita juu ya mianya. Juu yake vidonge vya bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa na kuziba) mita 1 nzima. Nafasi kati ya tundu na bomba hula karibu lita 15 kwa kila mita, kwa hiyo ukiona fundi anamwaga ndoo moja ya lita 10 na kusema mita imejaa, ama tundu limebomoka ama anakudanganya. Pima kwa kamba yenye uzito kila baada ya kumwaga. Bentonaiti imwagiwe maji safi na iachwe ivimbe kwa saa kadhaa kabla ya kujaza mchanganyiko wa simiti na bentonaiti hadi karibu na juu. Hapa ndipo visima vingi huharibikia: kwenye udongo wa juu uliokauka, bentonaiti ambayo haikulowa hubaki vidonge, na maji ya mvua hushuka ukutani mwa bomba kama hakuna kizibo.

Usipite kwenye taka kwenda kwenye maji. Kisima cha maji kikae nje ya ukingo wa taka. Mashine itumie hewa iliyochujwa mafuta. Povu la kuchimbia hupandisha COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wa majini kwa kemikali) kwa wiki nyingi.

Kikishajengwa, kisafishwe kwa kusukuma na kuvuta hadi maji yawe maangavu, kisha kipumzike wiki 1 hadi 2 ndipo uchukue sampuli ya kwanza. Kibali cha WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) kipatikane kabla mashine haijafika. Kisima cha uchunguzi nacho ni kisima.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu: vifuniko vya chuma vitaondoka usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu. Tumia kifuniko cha plastiki ngumu ndani ya boksi la simiti lililokaribia usawa wa ardhi, liwe limeinuka kidogo tu ili maji ya mvua yasiingie. Bomba lililo wazi watoto hulijaza mawe siku hiyo hiyo.

---

Kizingo_NKR alijibu:

Nakubaliana na Chimba. Niongeze ya gesi.

Ndani ya taka zilizooza bila hewa utakuta methani kama asilimia 50 hadi 60 na kaboni dayoksaidi 40 hadi 50. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hewani. Ndiyo maana gesi iliyozimuliwa ukingoni ni hatari kuliko ile nzito iliyo katikati ya taka: tayari iko, au inakaribia kuwa, kwenye kiwango cha kulipuka. Kaboni dayoksaidi nayo ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na menholi. Mtu asiingie shimo lolote hapo bila kupima kwanza. Pua isitegemewe: haidrojeni salfaidi ikizidi hunyamazisha uwezo wa kunusa, na methani yenyewe haina harufu.

Idadi ya visima. Ekari 6 zenye umbo la mraba zina mzingo wa mita 620 hivi. Upande wa nyumba, mita 120, weka kila baada ya mita 15, yaani visima 9. Mita 500 zilizobaki, kila baada ya mita 50, ni 10. Ongeza 2 ndani ya taka zenyewe ili ujue chanzo kina nguvu gani. Vinakuwa 21. Usishtuke, ni vifupi, mita 6 tu, na gharama yake ukilinganisha na ile mita 120 ya mkandarasi haiko mbali. Vile 19 vya ukingoni viwe kwenye ardhi asilia, si juu ya taka, na vya upande wa nyumba viwe kati ya taka na nyumba. Bomba lisilo na mianya mita 1 ya juu na bentonaiti kuizunguka, kisha mianya hadi mita 6, kokoto za milimita 10, kifuniko chenye vali ya gesi ya kupachika mpira.

Sasa saa ya kupima. Hili wengi hulikosea, na ni muhimu huku kwetu kuliko Ulaya. Karibu na ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa ratiba ileile: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, bonde karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti ni milibari 3 au zaidi. Shinikizo likiwa juu, hewa husukumwa ardhini na kisima huonyesha hewa safi. Likishuka, gesi hutoka. Afisa anayefika saa 4 asubuhi kila mara, akamaliza kabla ya chakula cha mchana, anaweza kuandika sifuri mwaka mzima. Pima kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni, na uandike shinikizo mwanzo na mwisho wa zamu. Mashine isome takriban milibari 890 Kisumu na 815 hadi 820 hapa Nakuru. Ikikuonyesha 1,013, inatumia namba ya usawa wa bahari, irekebishwe.

Utaratibu kwenye kila kisima: mashine iwashwe na kusafishwa kwa hewa safi mbali na dampo na mbali na gari linalounguruma. Bana mpira kwa kidole uone pampu inalalamika. Isipolalamika mpira unavuja. Pachika mpira, soma kwanza shinikizo la ndani ya kisima na mtiririko kabla pampu haijaanza. Kisha washa pampu, dakika 2 hadi 3, andika kilele cha methani na pia namba iliyotulia. Andika kaboni dayoksaidi, oksijeni, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Gesi kwanza, kina cha maji baadaye. Ukifungua kifuniko kushusha kamba kabla ya kupima gesi, umeshaimwaga.

Kina cha maji ndani ya kisima cha gesi ni lazima. Mvua ikipandisha maji hadi mita 2, umebaki na mita 1 tu ya mianya inayopumua. Yakipanda hadi juu ya kina cha mita 1, mianya yote imezama na namba unayoisoma ni ya hewa iliyofungiwa bombani. Usiandike "0.0, salama". Andika "kimezama".

Viwango: sheria zetu hazikupi namba ya kila kitu, kwa hiyo wengi tunaazima. Uingereza hutumia, kwa visima vya ukingoni, asilimia 1 ya methani na 1.5 ya kaboni dayoksaidi juu ya hali ya kawaida ya eneo. Marekani husema methani isizidi asilimia 5 kwenye mpaka wa kiwanja, wala 1.25 ndani ya jengo. Chagua, kisha uandike kwenye mpango wako uliopelekwa NEMA (mamlaka ya mazingira), ili baadaye mtu asibishane na namba.

Lakini "juu ya hali ya kawaida" ndiyo yenye kazi. Gioto, dampo la hapa Nakuru, kwa mfano, imekaa kwenye mteremko wa Menengai, volkeno yenye joto chini. Kaboni dayoksaidi ya kule inaweza kuwa ya mlima, si ya taka. Kisumu huna volkeno hai, lakini udongo wenye mizizi ukilowa mvua hutoa kaboni dayoksaidi ya asilimia kadhaa wenyewe. Chimba visima 2 vya gesi mbali na dampo, kwenye udongo uleule, upate msingi.

---

JuaKali_Mtaa alijibu:

Mbona mnamtisha mwenzetu na visima 21? Chukua nondo ya mita 1, piga nyundo, chomoa, ingiza kile kipima gesi cha mkononi wanachotumia mafundi wa gesi ya kupikia. Siku moja umemaliza mzingo wote.

---

Kizingo_NKR alijibu:

Ndugu, tundu la nondo lina kazi yake: kutafuta pa kuanzia. Likionyesha gesi, gesi ipo. Lisipoonyesha, hujajua kitu, kwa sababu mita 1 kwenye udongo mweusi uliopasuka ni hewa ya juu tu.

Na kile kipimo ni hatari zaidi kuliko kutopima. Vingi ni vya kuunguza gesi juu ya waya wenye joto, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Kisima chenye methani 40 na oksijeni 1 kinaweza kukuonyesha namba ndogo au sifuri. Tena vimeandikwa asilimia ya kiwango cha kulipuka, si asilimia ya ujazo: 20 kwenye kioo chake ni methani asilimia 1 tu ya ujazo. Watu wamechanganya hizo mbili kwenye ripoti moja. Tafuta mashine ya miali ya infraredi kwa methani na kaboni dayoksaidi, aina ya GA5000 au inayolingana nayo, inakodishwa. Hata hiyo ina udhaifu: mvuke wa petroli huihesabu kama methani. Kama kuna kituo cha mafuta jirani, chukua sampuli moja kwenye mfuko maalumu ipelekwe maabara.

---

Maabara_Kakamega alijibu:

Kwa upande wa maji, watu hutuletea chupa moja ya soda na kuomba "vipimo vyote". Haiwezekani.

Kabla ya sampuli, kisima kitolewe maji yaliyolala. Bomba la milimita 50 lina karibu lita 2 kwa kila mita. Ukiwa na mita 6 za maji ni lita 12, na mara tatu yake ni 36. Afadhali zaidi ni pampu ya polepole, lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, maji yasishuke zaidi ya sentimita 10 ndani ya kisima. Soma kila dakika 3 hadi 5, na uchukue sampuli pale usomaji mitatu mfululizo unapokubaliana: pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, oksijeni ndani ya asilimia 10. Kwenye mwamba mgumu kisima kikikauka, kiache kirudi, uchukue sampuli ndani ya saa 24, na uandike kwamba kilikauka. Ndoo ya kamba ichovywe taratibu. Ukiibwaga, matope yanapanda na chuma na manganizi vinaruka mara kumi.

Chupa: ya metali ichujwe palepale kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha asidi ya naitriki hadi pH chini ya 2. Kuchuja ofisini kesho yake ni kazi bure, chuma kimeshaganda na kutuama kikishika metali nyingine. Ya amonia na COD iwekwe asidi ya salfuriki. Ya kloraidi, naitreti na alkali isitiwe asidi yoyote, na kwa hakika isiwe ile iliyotiwa asidi ya naitriki. Tumewahi kuona naitreti ya kushangaza kwa sababu hiyo tu. Ya bakteria iwe chupa iliyochemshwa kwa mvuke, ifike ndani ya saa 6. Zote kwenye boksi lenye barafu, nyuzi 4 hivi. Naitreti ambayo haikuhifadhiwa ina saa 48, kwa hiyo usichukue sampuli Ijumaa mchana ukitegemea matatu ya Jumatatu.

Orodha ya kawaida ya kila robo mwaka: pH, upitishaji umeme, kloraidi, amonia, naitreti, salfeti, alkali, COD, sodiamu, potasiamu, kalisi, magnesi, chuma, manganizi. Metali nzito na kemikali za kikaboni mara 1 kwa mwaka. Omba sodiamu, kalisi na wenzao hata kama huna haja nazo, ili ujumlishe chaji chanya na hasi. Tofauti ikizidi asilimia 10, rudisha majibu maabara kabla ya kuyaandikia ripoti. Ongeza sampuli pacha 1 kwa kila 10 na chupa 1 ya maji safi iliyofunguliwa uwanjani.

Floraidi usiitumie kama alama ya taka. Bonde la Ufa lote lina floraidi ya asili, Nakuru visima vingi vinapita 1.5 mg/l bila dampo lolote.

---

MazingiraKSM aliandika:

Asanteni sana. Tulianza na visima 3 vya maji na 5 vya gesi kwa bajeti iliyokuwepo, vikajengwa kama mlivyoelekeza. Majibu ya kwanza haya hapa. Gesi (visima G, kwa asilimia ya ujazo) ilipimwa saa 9 alasiri, shinikizo likishuka.

G1 (upande wa juu): methani 0.0, kaboni dayoksaidi 6.8, oksijeni 13.9.
G3 (kona ya bondeni): methani 0.0, kaboni dayoksaidi 0.1, oksijeni 20.8.
G4 (mbele ya nyumba): methani 11.2, kaboni dayoksaidi 17.5, oksijeni 1.2.

Maji (visima W), kwa mg/l isipokuwa upitishaji umeme (µS/cm):
W1 (juu): umeme 620, kloraidi 22, amonia chini ya 0.1, naitreti 3, potasiamu 6, chuma 0.2.
W2 (chini): umeme 1,480, kloraidi 165, amonia 14, naitreti chini ya 0.5, potasiamu 38, chuma 9.
W3 (chini, karibu na ploti): umeme 1,150, kloraidi 120, amonia 0.2, naitreti 31, potasiamu 11, chuma 0.1, E. koli (bakteria wa kinyesi) wengi.

Amonia na naitreti zote zimeandikwa kama naitrojeni. G2 na G5 hazina la kusema.

---

Kizingo_NKR alijibu:

G4 kwanza, mengine yatasubiri. 11.2 iko katikati ya kiwango cha kulipuka. Leo, si kesho, ingieni nyumba za upande huo na kipimo: pembe za sakafu, pale bomba la maji na waya wa umeme vinapoingia ukutani, ndani ya makabati yaliyofungwa, kwenye vyoo, na menholi zote. Kisha rudieni asubuhi mapema, kabla mlango haujafunguliwa, maana gesi hujikusanya nyumba ikiwa imefungwa. Mtu yeyote asipime kwa kiberiti. Kuna wanaofanya hivyo. Ukipata 1.25 ndani ya nyumba, wakazi watoke, madirisha na milango viachwe wazi, swichi za umeme zisiguswe, na zimamoto wa kaunti waarifiwe. Hata 0.5 ndani ya nyumba ni sababu ya kurudi kila siku.

G1: jumlisha kaboni dayoksaidi na oksijeni, 6.8 na 13.9, unapata 20.7. Hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9. Maana yake oksijeni imeliwa na nafasi yake imechukuliwa na kaboni dayoksaidi, karibu moja kwa moja: huo ni udongo unaopumua, mizizi na vijidudu. Jumla ingepita 21 kwa kiasi kikubwa na methani ikiwa sifuri, ningesema kuna gesi inayosukumwa kutoka kwingine. Ikiwa chini sana, kwa mfano 14 au 15, ningeshuku methani inayoliwa njiani, kwa sababu methani moja hula oksijeni mbili na kutoa kaboni dayoksaidi moja. Hesabu hii haifai kwa G4, kwa kuwa methani yenyewe imo na imezimua kila kitu.

G3: hewa tupu kwenye udongo wa bondeni si kawaida. Hata udongo safi ungeonyesha kaboni dayoksaidi kidogo. Ama mianya imezama, ama vali inavuja, ama bentonaiti ya juu imepasuka. Kina cha maji ni ngapi?

---

MazingiraKSM aliandika:

G3 maji yako mita 0.8.

---

Kizingo_NKR alijibu:

Basi kimezama. Futa namba hiyo kwenye jedwali. Chimba kingine kando yake chenye mianya kutoka nusu mita, na ukubali kwamba wakati wa masika kitakuwa kimekufa pia; miezi hiyo utegemee vipimo vya ndani ya nyumba na menholi.

Tena masika ndiyo msimu wa kuogopa upande wa nyumba. Udongo mweusi ukilowa huvimba, nyufa za juu zinafunga, na gesi iliyokuwa ikitokea juu ya dampo inatafuta njia ya pembeni. G4 yako ya 11 kwenye udongo uliopasuka inaweza kuwa zaidi mvua ikianza.

---

Maabara_Kakamega alijibu:

W2 ni taka. Amonia juu, naitreti hakuna, chuma juu, potasiamu mara sita ya W1: hayo ni maji yasiyo na oksijeni yaliyopita kwenye vitu vinavyooza. W3 kloraidi imepanda karibu sawa na W2, na mtu asiye makini angeandika kwamba dampo limefika kwenye ploti. Lakini naitreti 31, chuma hakuna, E. koli tele: hivyo ni vyoo vya shimo kwenye udongo wenye hewa. Naitreti kubwa na chuma kingi kilichoyeyuka havikai pamoja kwenye maji mamoja. Ukiviona pamoja, sampuli imechanganyika au haikuchujwa.

Tahadhari moja. Choo kilicho mita 3 kutoka kisimani, maji yakiwa juu, nacho hutoa amonia bila naitreti. Kwa hiyo hesabu vyoo vyote ndani ya mita 30 za W2 kabla hujaandika barua kwa mtu. Boroni ingesaidia kutenganisha, kwa Kisumu. Nakuru singeitumia, maji ya huko hubeba boroni ya volkeno.

Kwa vyovyote, watu wa ploti hizo wasinywe maji ya visima vyao, iwe chanzo ni dampo au choo. Naitreti 31 ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kuchanganya, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha.

---

Chimba_Polepole alijibu:

Ratiba: maji kila robo mwaka kwa miaka 2, moja iwe mwishoni mwa Februari kabla ya mvua na moja Mei. Usianze kuzungumzia "mwelekeo wa kupanda" kabla ya kuwa na seti 8. Kina cha maji kipimwe kila mwezi, ni dakika 5 tu. Gesi kila mwezi mzingo mzima, na mbele ya nyumba kila wiki hadi G4 ipungue. Kidipa cha kamba (cha kupimia kina cha maji) kioshwe kati ya kisima na kisima, na uanze na W1 kila mara, umalizie na W2. Anayeanza na kichafu anapeleka amonia kwenye kisafi.

Ile pesa iliyobaki, weka visima vya gesi kati ya G4 na nyumba kwanza. Kisima cha nne cha maji kitasubiri.

---

MazingiraKSM aliandika:

Tumepima nyumba 14. Moja ina 0.3 pale bomba la maji linapoingia jikoni, zilizobaki sifuri. Mwenye nyumba anataka kuziba nyufa zote za sakafu kwa simiti. Tumruhusu?

---

Kizingo_NKR alijibu:

Azibe pale bomba linapoingia, kwa kitu kinachonyumbulika kisichopasuka, lakini si kabla ya kuipa gesi njia nyingine. Ukiziba jikoni tu, itatokea chumba cha kulala cha jirani. Mfereji huo wa bomba la maji ndio barabara yake: umejazwa mchanga na unapita kutoka upande wa dampo. Ufukueni nje ya ukuta kwa mita 1, ujazeni kokoto za milimita 20, muweke bomba la kutolea hewa la milimita 100 linalopanda juu ya paa, kisha kati ya kokoto na dampo muweke kizibo cha udongo wa mfinyanzi uliolowa na kushindiliwa, sentimita 50. Baadaye uje mtaro mrefu wa kokoto kando ya ukingo wa taka, ufike angalau kwenye kiwango cha chini cha maji, wenye karatasi ya plastiki nzito upande wa nyumba. Mtaro unaoishia mita 2 gesi itapita chini yake kwenye nyufa za fonolaiti wakati wa kiangazi.

Jikoni hapo apikie na dirisha wazi hadi kipimo kiwe sifuri mara nne mfululizo, mbili kati ya hizo zikiwa alfajiri.